Kadi ya Sauti ya Mwalimu Leokadia

Kabla hujafungua boksi la kompyuta ya zamani, vua saa. Vua na bangili, na pete kama inalegea. Kama umevaa shati la tetroni, nenda kavae la pamba. Chomoa waya ukutani kabisa, usiridhike na kuzima swichi. Kisha shika bati la boksi kwa kiganja kizima, tulia kidogo, ndipo uguse kitu cha ndani.

Najua mnacheka. Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kihonda na laptop zenu nyembamba kama sinia, kila kilichomo ndani kimeshagandishwa, hakuna cha kuchomeka wala cha kuchomoa. Lakini mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya ufundi, na mimi siwezi kuingia kwenye habari hizo bila kuvua saa kwanza. Ndivyo nilivyofunzwa, na mkono uliokwisha kuzoea hauulizi tena sababu.

Aliyenifunza ni Mzee Nassoro. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko kuu, kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Alianza na redio, akaja televisheni, na maofisi ya mjini yalipoanza kununua kompyuta akazifungua kwa ujasiri ule ule aliofungulia redio. Nilipomaliza mafunzo ya umeme nilizunguka mji mzima kutafuta kazi, na kila fundi aliniambia mambo ya kuchomea nyaya kwa risasi si ya msichana. Mzee Nassoro aliniuliza swali moja tu, kama naogopa shoti. Nikasema naogopa. Akasema basi nitafaa, maana wasioogopa walikuwa wamemuunguzia vitu vingi mno.

Habari ya tetroni ilimpata yeye mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, upepo mkavu, na alikuwa amevaa shati jipya la sikukuu. Akaingiza mkono kwenye mashine ya ofisi moja, akasikia kitu kimesema tak, kidogo sana, na mashine ile haikuamka tena. Umeme uliokuwa umejikusanya kwenye shati lake ulitosha kuua kumbukumbu ya kompyuta. Mtu mwingine angeficha. Mzee Nassoro alimsimulia kila mteja kisa hicho, huku akicheka, akiwaonyesha na shati lenyewe, ambalo sasa lilikuwa tambara la kufutia vumbi kwenye televisheni. Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa ufundi wake.

Sasa niwaeleze kadi, maana bila hiyo hamtanielewa mbele. Zamani kompyuta ilikuja nusu nusu. Ukitaka itoe sauti, ununue kadi ya sauti. Ukitaka iongee na kompyuta nyingine, ununue kadi ya mtandao. Kadi ni kibao chenye nyaya zilizochorwa na vidude vilivyochomewa, chini kina meno ya rangi ya dhahabu, na meno hayo unayakandamiza kwenye mfereji ulio kwenye ubao mkuu wa mashine. Mfereji huo tuliuita sloti. Kazi ya kuikandamiza mtu asiyejua hudhani ni ya nguvu. Hapana. Unaanza na kifutio cha penseli, unasugua meno yale taratibu mpaka yang'ae, kwa sababu unyevu wa mji huu chini ya milima unakula hata dhahabu, achilia mbali rangi ya dhahabu. Halafu unaiweka wima, dole gumba huku na dole gumba huku, unasukuma sawa kwa sawa. Ikigoma unaitoa, unaangalia, unaanza upya. Mzee Nassoro alikuwa akisema kadi haipigwi, inashawishiwa.

Kuiingiza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipa anwani. Kila kadi ndani ya mashine ilikuwa na anwani yake, namba, ili kompyuta ijue wapi pa kupeleka neno lake. Kadi za siku hizi hujipangia zenyewe. Zile za kwetu ulizipangia wewe, kwa kidude cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele, ndani kina bati, ambacho unakivika kwenye vijiti viwili vya chuma kwenye kadi. Tulikiita jampa. Ukikivika hapa, anwani hii. Ukikihamisha pale, anwani nyingine. Kadi mbili zikiwa na anwani moja, mashine inaduwaa na haikuambii kwa nini. Nimewahi kuwaona wanaume wazima wakikaa mbele ya mashine iliyoduwaa wakiisemesha kama mgonjwa.

Basi katika miaka ile ya mwisho ya tisini, asubuhi moja, lori la mboga kutoka Mgeta lilisimama mbele ya karakana, jambo lisilo la kawaida, maana malori hayo huwa na haraka ya soko. Dereva akashuka na boksi kubwa, akaliweka mezani kwetu. Nyuma yake akashuka mwanamke wa makamo, amevaa sweta la watu wa milimani na miwani myeusi, anapapasa njia kwa fimbo. Akasikiliza kidogo mlangoni, akageukia upande wa Mzee Nassoro ambaye alikuwa hajasema neno bado bali anakohoa tu, akasema shikamoo. Kisha akajitambulisha. Anaitwa Leokadia, ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja huko juu, na ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemaliza uwezo wake wa kuona.

Alieleza shida yake bila kulalamika, kama mtu anayetoa maelekezo ya kazi ya darasani. Kufundisha alikuwa anaendelea vizuri. Vitabu alivijua kwa moyo, ubaoni wanafunzi waliandika wakipokezana, na kusahihisha alisomewa na mwalimu mwenzake. Kikwazo kilikuwa mtihani. Kanuni ya shule ilitaka mtunga mtihani awe peke yake na karatasi yake mpaka siku ya mtihani, na yeye hakuweza kuhakiki alichoandika bila mtu wa kumsomea. Mkuu wa shule alimvumilia, mwisho akamwita ofisini akamwambia kwamba ikiwa mtihani wa mwisho wa muhula huo hatautunga mwenyewe, kuanzia Januari atampangia kazi ya kutunza maktaba.

"Maktaba yetu ni kabati moja," alisema Mwalimu Leokadia. "Na mimi ndiye nilinde vitabu visiibiwe, nisiyeona mwizi wala kitabu."

Mzee Nassoro alicheka, na Mwalimu naye akacheka, na kuanzia hapo walikuwa marafiki.

Ndani ya boksi kulikuwa na kompyuta iliyotumika, ya aina ambayo hata wakati ule ilishaanza kuitwa ya zamani. Masista wawili waliowahi kufundisha naye walimtumia kutoka kwao Ulaya, pamoja na bahasha nene, na ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ndefu, spika ndogo ya kushika mkononi, na disketi moja. Kadi hiyo ilikuwa ya kusema. Unaandika neno, yenyewe inalitamka. Unarudisha mshale juu ya mstari, inausoma. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Mzee Nassoro pia hakuwahi, ila yeye alikuwa na tabia ya kusema "hii naijua" halafu anakaa kimya kirefu akijifunza.

Kijitabu cha maelekezo hakikuwemo.

Tukaanza. Nikavua saa, nikasugua meno ya kadi, nikaiingiza kwenye sloti, nikaifunga kwa bisibisi. Tukawasha. Mashine ikahesabu kumbukumbu yake, ikafika mahali ikaduwaa. Tukazima, tukawasha, ikaduwaa pale pale. Nilitaka kurudia mara ya tatu, Mzee Nassoro akanishika mkono. Akaniambia mashine ikikujibu mara mbili jibu lile lile, haitabadili mawazo kwa kuonewa huruma. Toa kila kitu kisicho cha lazima, alisema, bakiza kadi ya skrini na ya diski, halafu rudisha moja moja.

Chukueni hilo, wanangu, hata kama hamtashika kadi maisha yenu yote. Kitu chochote kilichochanganyikiwa, mtandao, programu, mota ya kusaga, punguza mpaka kibaki kinachofanya kazi, ndipo uongeze kimoja kimoja.

Tulipotoa tukaikuta kadi ya mtandao, ambayo wenye mashine wa kwanza huko Ulaya waliiacha ndani. Ilikuwa imekalia anwani ile ile ya kadi ya kusema. Huko juu hapakuwa na mtandao wa kuungia, kwa hiyo tuliiweka kando, na mashine ikaacha kuduwaa. Lakini kadi ya kusema haikusema. Programu ilitafuta, ikaandika kwenye skrini kwamba haioni kadi.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kadi ilikuwa na safu ya vijiti isiyo na maandishi, jampa moja, na nafasi kadhaa za kuivika. Nilichora safu ile kwenye kifuniko cha boksi, nikatia alama mahali jampa ilipokuwa, ili nikipotea nijue nilikotoka. Kisha nikaanza kuhamisha: zima, hamisha, washa, subiri. Mwalimu Leokadia alikaa kwenye stuli, spika ameibandika sikioni kama simu. Nje cherehani ya jirani inanguruma, wapiga debe wanaita abiria, na jirani yetu wa baiskeli anagonga rimu. Mimi na Mzee Nassoro hatukusikia chochote kutoka kwenye spika, nafasi ya kwanza, ya pili, na zilizofuata.

"Hapo," alisema Mwalimu ghafla. "Hapo imekohoa."

Nikamwuliza amesikia nini. Akasema ni kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Nikazima nikawasha tena kwa jampa ile ile, akasema imekohoa tena. Nikarudi nafasi ya nyuma bila kumwambia. Akasema hapana, sasa imenyamaza. Mzee Nassoro akatoka nje, akawaomba fundi cherehani na mtu wa baiskeli wapumzike kidogo, akarudi na kuweka sikio lake kwenye spika. Kweli kulikuwa na mgurumo mdogo mno, wa kadi inayoguswa na mashine na kutaka kuitika. Anwani tulikuwa tumeipata. Kilichobaki ni kuiambia programu, maana yenyewe ilikuwa bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Nikafungua faili la kuwashia, nikafuta namba iliyoandikwa, nikajaribu ya kwanza kati ya zilizobaki, haikuwa, nikajaribu nyingine.

Spika ikasema neno moja la Kiingereza, la kusema iko tayari. Sauti ilikuwa nzito, ya puani, haina furaha wala hasira.

Mwalimu Leokadia aliiteremsha spika mpaka mapajani. Baadaye akasema taratibu, "Mwambie aseme tena."

Nikaizima na kuiwasha, ikasema tena.

Mngedhani kisa kimeishia hapo, na kwa fundi mwingine kingeishia hapo. Lakini kadi ile ilikuwa imetengenezwa na Waingereza kwa ajili ya Kiingereza, na yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Sentensi ya kwanza aliyoandika ilikuwa jina lake na kazi yake. Mashine iliisoma kama padri Mzungu aliyeteremka uwanja wa ndege juzi, tena akiwa na mafua. Neno "shule" lilitoka kama mtu anayefukuza kuku. Mzee Nassoro alicheka mpaka akavua kofia. Mwalimu hakucheka. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto wa Kidato cha Kwanza, akasema wengi huanza hivyo.

Programu ile ilikuwa na sehemu ya kuifundisha matamshi. Unaandika neno kama lilivyo, kisha pembeni unaliandika kwa herufi ambazo Mwingereza akizisoma litatoka sawa. Mwalimu alikuja karakana kila siku kutoka kwa dada yake Mji Mpya, anakaa kwenye pembe, anaifundisha mashine Kiswahili. Kupiga chapa alikuwa anajua tangu chuo cha ualimu, vidole vyote kumi. Akigundua kwamba herufi mbili za "o" zinampa "u" nzuri, anazitumia kwenye maneno yote ya jamii hiyo. Wateja waliokuja na pasi na redio walisimama kusikiliza sauti ya puani ikisema "kiti", "viti", "mti", "miti", inakosea, inarudia, inapatia. Kuna askari magereza wa Kingolwira alileta redio itengenezwe, ikatengenezwa, naye akabaki amekaa kwenye benchi mpaka mashine ilipoweza kusema "ng'ombe". Alipiga makofi, akaaga.

Mimi nimefanya kazi hii tangu ujana hadi nywele zimekuwa nyeupe, nimewaona wataalamu waliotumwa kutoka Dar na vyeti vyao, wengi wazuri. Sijamwona mtu mwingine aliyekaa na mashine kwa subira ya namna ile. Hakuwa anaishangaa wala kuiogopa. Alikuwa anaifundisha, basi.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa ombi lake. Alisema anataka kujifunza kuitoa kadi na kuiweka.

"Zuhura mdogo wangu," aliniambia, "barabara ya kwetu unaijua. Gari likiitikisa hii kadi ikatoka, nitakupata wapi?"

Simu za mkononi hazikuwa zimefika huko. Nilijibu kwamba nitapanda naye kuifunga mwenyewe. Akasema sawa, na siku nitakayokuwa nimeshateremka je? Nikamtazama Mzee Nassoro, nikitegemea ataniunga mkono kwamba si kazi ya mteja. Yeye alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye makorokoro yake ubao mkuu uliokufa na kadi mbovu. Akaviweka mbele ya Mwalimu, akamwambia ajifunzie hivyo, vimeshakufa, hawezi kuviua tena.

Nilimfundisha, na katika kumfundisha nikajua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kazi kwa macho tu. Aliniuliza sloti ya ngapi, nikasema ile pale. Ile pale wapi? Ikabidi tuhesabu kutoka kwenye boksi la umeme lililomo ndani ya mashine. Aliniuliza nitajuaje imekaa sawa. Nikasema utaona. Kisha tukatafuta wote wawili jibu jingine, na tukalipata: kidole kinapita juu ya ukingo wa kadi mpaka mwisho, ukingo ukiwa umelala sambamba na ubao, bila upande ulioinuka, imekaa. Na meno yanapoingia kuna mlio laini, kama kufunga kifungo cha sweta. Vijiti vya jampa alivipapasa kwa ukucha, akavihesabu kutoka upande wenye kona iliyokatwa, akaja kuvijua kama vidole vyake. Miaka iliyofuata nilitambaa chini ya meza nyingi za maofisini, gizani, kichwa kiko upande huu na mkono uko upande ule, na nilifunga kadi kwa njia ya Mwalimu Leokadia. Hata sasa nikifumba macho naweza.

Ilipofika siku ya kupanda, tulipanda na lori lile lile la mboga, likirudi na magunia matupu. Mashine tuliifunga blanketi, tukaiweka katikati yetu. Mnaoijua njia ya Mgeta mnajua: upande mmoja mlima, upande mwingine unaona mapaa ya nyumba chini ya miguu yako. Ukungu ulitukuta njiani. Mwalimu alikuwa akinitajia tulipofika kwa kusikiliza maji, mto huu, maporomoko yale, daraja la mbao. Mimi nilikuwa nimeshikilia blanketi na sala zangu zote.

Shule ilipata umeme kutoka kwenye mtambo mdogo wa maji wa misheni, umeme mzuri kuliko wa mjini. Tukaiweka mashine kwenye chumba cha walimu. Walimu wote walikuwepo, na Mkuu wa shule akaja, bwana mrefu mwenye koti, akatusalimia kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa na kanuni mkononi na mwalimu mzuri mbele yake, na hakujua afanye nini na vyote viwili.

Nikawasha. Skrini ikaja vizuri. Programu ikatafuta kadi, ikaandika haioni.

Kuna mwalimu mmoja akainamisha uso. Nikachukua bisibisi. Mwalimu Leokadia akanyoosha mkono.

"Nipe mimi," alisema.

Alichomoa waya ukutani mwenyewe. Alivua saa yake, akaiweka mezani. Akafungua skrubu, akaziweka kwenye kisosi cha chai, akashika bati la boksi kwa kiganja kizima na kutulia. Akapitisha kidole juu ya ukingo wa kadi, nikajua anachokagua. Akasema haijatoka, imekaa. Mimi ningeanza kuhangaika na programu. Yeye akashuka kwa ukucha mpaka kwenye safu ya vijiti, akahesabu, akasimama. Akasema jampa haipo.

Barabara ilikuwa imeikung'uta ikadondoka. Kidude kidogo kuliko punje ya mchele, na huko juu hakuna duka la kukipata. Aliniomba nimsaidie kulinyanyua boksi. Tukaliinamisha taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili, na yeye sikio ameliweka karibu na bati. Sikusikia kitu. Alisema tuliinamishe tena, polepole zaidi. Kisha akaingiza vidole viwili nyuma ya boksi la umeme, mahali ambapo hata mwenye macho asingeona bila tochi, akavitoa vikiwa vimebana jampa.

Akahesabu vijiti mara ya pili, akaivika. Hakufunga hata kifuniko. Akachomeka waya, akawasha, akakunja mikono.

Spika ikasema iko tayari.

Walimu walishangilia, lakini Mkuu wa shule hakushangilia. Alisogea, akaomba akae kwenye kibodi. Akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu, huku ameikinga skrini isisomeke na wenzake. Alipomaliza akamwambia Mwalimu asikilize. Mwalimu akabonyeza, na sauti ya puani ikasoma kwamba vitabu vangu imepotea.

"Vitabu vyangu vimepotea, Mkuu," alisema Mwalimu Leokadia. "Makosa mawili."

Akarudisha mshale kwenye neno la kwanza lenye kosa, akalisikiliza, akalirekebisha. Akasogea mpaka la pili, akalirekebisha. Akabonyeza mstari wote usomwe upya, ukasomeka sawa. Hapo Mkuu alicheka, wa kwanza kucheka chumbani, akasema mtihani wa Kiswahili autunge Mwalimu wa Kiswahili, na chumba aachiwe yeye peke yake mpaka amalize.

Alijifungia humo. Alitumia spika akiibana sikioni ili hata anayepita mlangoni asisikie. Printa ya sindano, iliyokuja pamoja na mashine, ilichora maswali moja kwa moja kwenye stensili, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kurudufu, akasimama hapo mpaka nakala ya mwisho ilipotoka. Mvua ilinizuia huko juu, barabara imekatika, kwa hiyo niliushuhudia mtihani ukifanyika. Wanafunzi walikunja nyuso kama wanafunzi wanavyokunja mbele ya mtihani wowote.

Jioni Mkuu alitukuta tunakunywa chai. Alimwuliza Mwalimu angependa vipindi vingapi muhula ujao. Mwalimu akajibu kwamba vile vile vya siku zote. Mkuu akasema sawa, akakaa, akamiminiwa chai.

Asubuhi iliyofuata barabara ilifunguka, na lori lilikuwa linapakia kabichi pale chini ya shule. Mtihani umekwisha, wanafunzi walikuwa wanasubiri kufunga, siku ambayo walimu wengi huwaacha watoto wacheze. Nikapita nyuma ya madarasa kwenda kumuaga Mwalimu Leokadia. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa amesimama mbele ya Kidato cha Pili, mgongo umeelekea ubaoni, msichana mmoja anamwandikia. Alikuwa anafundisha ngeli. Alimwuliza mtu wa nyuma kabisa dirishani, kwa jina, kwa nini ananong'ona, na mtu huyo akasimama.

Nilisimama hapo nje mpaka lori likapiga honi. Sikuingia kumuaga. Alikuwa kazini.